Barua kwa binti yangu: kwa nini dada yako aliolewa, wewe ukasoma

Mwanangu,

Sisi huku hatujambo. Mvua zimechelewa, lakini tumepanda. Nimekaa na swali lako wiki mbili bila kulijibu, na nisingeweza kulijibu kwa simu.

Uliniandikia kwamba kwenye mkutano wenu kule Kishapu, Shinyanga, mkiwaeleza wazazi habari ya haki ya mabinti kusoma, mzee mmoja alisimama akakuuliza, "Baba yako alimwoza dada yako akiwa na miaka mingapi?" Ukakosa la kusema. Usiku ule ukaniuliza mimi: kwa nini dada aliolewa, wewe ukasoma? Na je, unayo haki ya kusimama mbele za watu ukawaambia wasifanye alichofanya baba yako?

Dada yako alimaliza darasa la saba mwaka 2007, akiwa na miaka 15. Posa ilikuja kabla ya matokeo. Mshenga alikuwa mtu wa heshima, mahari ng'ombe kumi na wawili, na miaka yote hii nimekuwa nikisema kwamba sheria iliruhusu. Sheria yenyewe sikuwahi kuisoma. Ni wewe uliyenisomea kwenye simu yako, tumekaa pale chini ya mwembe: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 13, mvulana miaka 18, msichana 15, na mahakama ikiridhika hata 14. Ukaja kifungu cha 17, kwamba msichana ambaye hajafikisha miaka 18 aolewe kwa ridhaa ya baba yake, na baba akiwa amefariki ndipo aulizwe mama. Wewe ulisoma ukapita. Mimi nilibaki pale pale kwenye neno baba. Mama yako alikuwa hai, ndani ya nyumba, na siku ile hakuulizwa. Dada yako naye hakuulizwa.

Watu husema ni umaskini, na mimi nimejificha humo muda mrefu. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiacha sare na michango. Nilikuwa na ng'ombe wangu wanne kabla ya mahari kuingia. Kumuuza mmoja tu kungelipa ada ya miaka minne na chenji ikabaki. Kwa hiyo usiende kuwaambia watu kwamba baba yako hakuwa na uwezo.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Matokeo yalipotoka nilikwenda ofisi ya kata. Orodha ya waliochaguliwa kidato cha kwanza ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na jina la dada yako lilikuwemo. Nililisoma mara mbili. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba mtoto hakuchaguliwa. Ng'ombe walikuwa wameshafika zizini, na nilijiambia kwamba neno la mwanaume halirudi nyuma. Baadaye, hata kama dada yako angetaka kurudi darasani, angekutana na kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu shule kumfukuza mwanafunzi aliyeolewa.

Sasa wewe. Ulikuwa darasa la sita mama yako alipokupeleka Mwanza kwa mjomba wako, na umekua ukiamini kwamba shule za kule ni nzuri zaidi. Mwanangu, ulipelekwa mbali na mimi. Kulikuwa na watu wameanza kuulizauliza juu yako, na mama yako aliona jinsi nilivyokuwa nikiwasikiliza. Hakunigombeza. Alifunga nguo zako, akapanda basi nawe alfajiri, akarudi peke yake. Ukitaja watu waliopigania elimu ya msichana, mtaje na yeye.

Habari ya Rebeca Gyumi niliisikia Julai 2016. Tulikuwa kituo cha kununulia pamba, tunasubiri mizani, redio inasema kwamba mwanasheria kijana amekwenda Mahakama Kuu kuvipinga vile vifungu viwili na ameshinda, kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, na serikali imepewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Wenzangu walikasirika. Mimi nilishika gunia langu nikanyamaza, kwa sababu nilijua huyo binti ameninyang'anya ile kauli yangu ya sheria inaruhusu. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, mila na dini zikiwa miongoni mwa hoja zake, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Huo mwaka mmoja wa kurekebisha ulikuwa umeshapita zamani, na kitabu cha sheria bado kinasema 15. Ndiyo maana sioni kama mnapoteza muda mkizunguka vijijini.

Ila nikuambie jambo ambalo huenda hamlisikii mkiwa mikutanoni. Mwaka ule ule wa 2016 Bunge liliibadili Sheria ya Elimu: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, kifungo miaka 30. Watu waliogopa kweli. Lakini wako wazazi waliotafuta njia ya kuzunguka. Mtoto anaambiwa akafeli mtihani wa darasa la saba makusudi, aandike majibu ya hovyo, ili asichaguliwe na asiitwe mwanafunzi tena. Hakuna polisi atakayeliona hilo. Kwa hiyo msiishie kuuliza nani kaolewa. Kaeni na walimu wa darasa la saba, waulizeni ni binti gani alikuwa akifanya vizuri mwaka mzima kisha akaanguka ghafla. Walimu wanawajua.

Kuhusu haki ya kusimama, yule mzee alikuuliza kosa langu, nawe ukalibeba kama lako. Safari nyingine lianze mwenyewe kabla hajauliza mtu. Sema baba yangu alimwoza dada yangu akiwa na miaka 15, sema jina lilikuwa ubaoni, sema na ng'ombe wangapi. Jina langu litaje. Wakitaka nije nisimame, nitakuja.

Upande wa dada yako siwezi kukupa mimi. Nilishatoa ridhaa kwa niaba yake mara moja. Jumamosi huwa sokoni anauza mchele. Kaa naye, umuulize kama anataka habari zake zisemwe mbele za watu, na akikataa, basi useme yangu tu.

Habari ya ubao wa matangazo bado hajaijua. Nitakwenda kwake Ijumaa, ili asije akaisikia kwako kwanza.

Baba yako