Kupuliza kunalipa, lakini sikilizeni kwanza

Wadogo zangu wa Bagamoyo, swali lenu nimelipata: eti kupuliza obo, ile zumari ya Kizungu, huku Ujerumani kunalipa, na ninyi mje? Najibu bila kuficha.

Kunalipa. Mwenye ajira ya kudumu kwenye okestra ana mshahara wa kila mwezi, bima ya afya na pensheni. Kazi ni kuipata hiyo ajira. Wapiga obo kwenye okestra moja ni wachache mno, na mtu akishapata kiti habanduki mpaka astaafu. Nafasi ikitangazwa mnajaa; mara nyingi raundi ya kwanza mnapiga nyuma ya pazia, konseto ile ile (muziki wa obo na okestra) ya mtunzi Mozart ya 1777. Wanaweza kuwasikiliza kutwa nzima wasichukue mtu. Ukichukuliwa, unawekwa kwenye majaribio, kama mwaka mzima, kisha wenzako wanakupigia kura. Kipindi hicho unasalimiana na watu hujui nani atakukataa.

Na jasho lenyewe hamlioni jukwaani, liko kwenye kisu. Obo inapulizwa kwa ndimi mbili za matete, na wengi wetu tunazitengeneza wenyewe. Matete yanayosifika yanatoka Var, kusini mwa Ufaransa. Unayapunguza mpaka unene wa milimita 0.6 hivi, unayaloweka, unayakunja, unayafunga kwa uzi kwenye kamrija ka milimita 47, halafu unakwangua ncha kidogo kidogo huku unasikiliza. Kisu kikizidi mara moja tu, umeharibu. Ndimi zikitoka nzuri, wiki moja au mbili zimechoka, unaanza upya. Tena kabla ya onesho okestra nzima inalinganisha vyombo kwa sauti ya obo yako wewe.

Obo nyingi zinachongwa kwa mpingo, mti wetu unaoota mpaka Kilwa na Lindi. Unaondoka kwetu gogo, huku chombo kipya cha kazi kinavuka euro 8,000. Hilo linaniuma sana.

Kwa hiyo asiuze mtu kiwanja cha mzee kwa ajili hii. Anayeupenda muziki wenyewe aanzie hapo hapo TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, ajue nota, akae na wazee wa zumari wamfundishe pumzi. Zumari nayo inapulizwa kwa ndimi za kubana vile vile. Vyuo vya muziki vya serikali katika majimbo mengi ya huku havitozi ada ya masomo, ila mtihani wa kuingia ni wa kupiga chombo mbele ya walimu, na wenzenu wameanza utotoni. Anayetaka kweli aniandikie kabla hajahangaikia viza, nimweleze wanauliza nini.