Meru: kabla hujatuma hela, muulize mratibu nani atashuka nawe

Mkuu, usitume hiyo hela kwanza. Umesema rafiki zako wa Moshi wamekukacha, unaogopa kupanda Mlima Meru wa Arusha peke yako, kwa hiyo unajiunga na kundi la watu usiowajua kwa kuwa mratibu amekuambia "kampani inatia moyo". Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, na hadi leo nikikumbuka damu inachemka.

Meru hakuna kupanda peke yako. Kuanzia geti la Momella unaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana kuna nyati. Upweke usikutishe. Kitakachokumaliza ni mwendo wa watu wengine.

Siku ya kwanza hadi Miriakamba, kibanda cha kulala cha kwanza, mita 2,514, tulikwenda kwa vicheko. Kesho yake, kwenye zile ngazi za kwenda Saddle, kibanda cha pili, mita 3,570, vijana wa mazoezi wakaanza kushindana na mratibu akawa anapiga kelele: "Kazeni, msituangushe!" Tukakaza. Nilifika kichwa kinagonga, chakula hakipiti. Nikamwambia. Akanijibu ni uchovu tu, nilale, usiku nitakuwa fiti. Alipata wapi ujasiri wa kusema vile? Kichwa na kichefuchefu kwenye mwinuko ule ni mwili unalalamikia hewa nyepesi. Hapo unasimama, husogei juu hata hatua moja, na hali ikizidi dawa ni kushuka. Mtu anayekusanya hela za watu kuwapeleka mlimani anatakiwa kulijua hilo kabla ya kujua bei ya basi!

Usiku wa manane wakatuamsha tukaondoka. Kabla ya Rhino Point, kituo cha njiani kuelekea kileleni, nikaanza kutapika. Ndipo ikajulikana kwamba hakuna aliyepangwa kushuka na mgonjwa: kiongozi mmoja, askari mmoja, basi. Wakabishana gizani, kwenye baridi ile, mimi nimekaa juu ya jiwe nawasikia. Askari, Mungu ambariki, akakata shauri: wote turudi. Kilele cha zaidi ya mita 4,560 hakuna aliyekiona, na hadi tunafika getini hakuna aliyenisemesha. Jioni mratibu akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba "kuna watu wasiojiandaa wanaharibia wenzao". Hela hakurudisha hata shilingi.

Kwa hiyo muulize swali moja tu: mmoja akizidiwa pale Saddle, nani anashuka naye, na waliobaki wanaendelea na nani? Akikutajia watu, sawa. Akianza kukuambia habari za kujiamini, achana naye, chukua kiongozi wako mwenyewe hata kama gharama itapanda, utembee pole pole kwa pumzi zako.

Kama ni kutuliza akili tu, nenda Ziwa Duluti pale Tengeru, ulizunguke kwa miguu ndani ya ule msitu. Huko kampani ya nini?

Viatu na mavazi uliyouliza, wadau wengine watakujibu. Wewe mpigie mratibu leo leo, halafu utuletee hapa alichosema.