Mwanangu, kuhusu ubatizo wa mtoto

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia mama mkwe wako anataka mjukuu abatizwe Pasaka, katika kanisa lao la Presbyterian huko Kiambu. Wewe uliyelelewa katika Kanisa la Mennonite hapa Shirati unasita. Unauliza: mtoto akifa bila ubatizo, amepotea? Na wokovu wao na wetu ni mmoja?

Mtoto hajapotea. Menno Simons, ambaye Wamennonite tunaitwa kwa jina lake, yule padri wa Friesland huko Uholanzi aliyeacha upadri mwaka 1536, alifundisha kwamba watoto wachanga wamefunikwa na neema ya Kristo. Usimdhanie vibaya mama mkwe wako; wao pia hawasemi maji ndiyo yanayookoa. Kwao ubatizo ni alama ya agano, kama tohara kwa uzao wa Ibrahimu.

Tunapoachana ni kwenye swali la nani huanza na nani huitika. Wakalvini, wanaofuata mafundisho ya Yohana Kalvini kama Wapresbyterian wa mama mkwe wako, katika Sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa huko Uholanzi wa 1618 na 1619, walikiri kwamba Mungu aliwachagua watu wake kabla ya kuumba dunia, si kwa kuwa aliona mapema kwamba wataamini, na kwamba hatawaacha waanguke kabisa. Mwanadamu amekufa dhambini, na maiti haiitiki mpaka ifufuliwe. Lina faraja fundisho hilo. Nilipomuuguza baba yako, usiku mwingi nililiegemea.

Lakini Waanabaptisti waliotutangulia, waliobatiza watu wazima tu waliokiri imani, walisema neema humfikia kila mtu na kumpa uwezo wa kuitika, au kukataa. Aliyeitika huzaliwa mara ya pili, na mwenendo wake hubadilika. Hans Denck, mmoja wao, alisema hakuna amjuaye Kristo kweli asipomfuata maishani mwake. Wakashutumiwa kwamba wanajiokoa kwa matendo. Sivyo. Walikataa tu imani isiyomgusa jirani wala adui. Na kwa kuwa kuitika ni kwa hiari, walikubali pia kwamba mtu anaweza kuiacha neema. Najua hilo linakutisha. Hata mimi linanipigisha magoti.

Ndiyo maana walingoja mtu akiri mwenyewe ndipo abatizwe. Felix Manz, Mwanabaptisti aliyewahi kusoma Maandiko pamoja na Zwingli, mwanamatengenezo wa kanisa la Zurich, alizamishwa katika mto Limmat huko Zurich tarehe 5 Januari 1527 kwa sababu hiyo. Imeandikwa kwamba mama yake alikuwa ukingoni akimtia moyo asimame imara. Kila nikimkumbuka mama yule nakuona wewe. Mwaka 2004 kanisa la Zwingli mjini humo liliungama kosa lile, na kibao cha kumbukumbu kikawekwa kando ya mto.

Zungumza na mumeo kabla ya kumjibu mama yake. Mkiamua kungoja, mwombeni mchungaji ampokee mtoto na kumwombea mbele ya ushirika, kama tulivyokufanyia wewe. Mkiamua kumbatiza, nitapanda basi, nivuke mpaka pale Sirari, nikae kiti cha mbele na kumwombea. Akikua, nitamwuliza mwenyewe kama anataka kumfuata Yesu.

Mama yako