Siku unayojisikia vizuri ndo siku ya kujichunga zaidi

Niliugua korona mwezi wa saba 2021, wimbi lile la tatu, chanjo hapa Tanzania zilizinduliwa tarehe 28 ya mwezi huo huo na mimi niko kitandani. Homa ilikaa siku tisa, sikulazwa, sikuwekewa oksijeni, nikamshukuru Mungu nikajua nimepona. Wiki ya tatu nikarudi kwenye cherehani maana mimi ni fundi nguo, niko Temeke, na mteja akishatoa kitambaa chake hasubiri.

Kumbe ugonjwa wenyewe ndo ulikua unaanza. Nikisimama mezani kukata kitambaa moyo unaenda mbio kama mtu aliyefukuzwa, magoti yanaisha nguvu, kichwani ukungu mtupu. Kuna mama nilimpima kiuno nikaandika namba nyingine kabisa, nikakata gauni la harusi ya binti yake likawa dogo, ikabidi nitoe hela yangu kununua kitambaa kingine, nililia sana siku ile maana kazi yangu najua naiweza. Usingizi nao nalala masaa kumi naamka nimechoka vilevile.

Hospitali nilienda mara nne. Eksirei safi, malaria hamna, moyo uko sawa. Daktari mmoja akaniambia dada una mawazo, punguza mawazo. Ndugu wa upande wa mume wakaanza kusema nimerogwa. Kwa hiyo naomba niseme na wewe unayepitia haya sasa hivi, vipimo kuwa safi haimaanishi huumwi. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo Oktoba 2021 kwamba dalili ambazo mtu bado anazo kama miezi mitatu baada ya kuugua korona, zimedumu angalau miezi miwili na hazina sababu nyingine, hiyo ni hali inayojulikana. Wengi wanaiita long COVID, na jina hilo lilianzia kwa wagonjwa wenyewe mtandaoni mwaka 2020, sio kwa wakubwa. Ila usijipe jibu kabla hujapima vingine, hasa TB kama unakohoa wiki mbili au zaidi, wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, VVU, maana hivyo navyo vinachosha mtu mpaka basi na vina dawa zake.

Sasa kosa lililonirudisha nyuma miezi mingi ni hili. Wifi yangu, na najua alinipenda, aliniambia wifi jikaze, mwili ukiuzoesha kulala utalala moja kwa moja, anza kutembea asubuhi kila siku uongeze kidogo kidogo. Nikajikaza. Siku ya kwanza poa, ya pili poa, ya tatu sikuweza hata kushika kikombe, nikakaa ndani siku kumi na moja pazia zimefungwa maana hata mwanga unaniumiza. Nikipata nafuu naanza upya, naanguka tena. Nilikuja kusoma baadae kwamba Uingereza, ile taasisi yao ya NICE, mwongozo wao wa Oktoba 2021 kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu, ME/CFS, ambao unafanana sana na huu wetu, waliacha kabisa kushauri mazoezi ya kuongeza kidogo kidogo. Kuna watu korona iliwaachia mapafu dhaifu tu na mazoezi yanawasaidia, lakini wewe ambae ukifanya kitu leo unaanguka kesho au kesho kutwa, kujikaza kunakuumiza.

Wanaotumia Songesha, ule mkopo wa M-Pesa wa kumalizia malipo, wataelewa haraka. Salio limeisha, unalipa na malipo yanapita, unaona mambo yako sawa, kesho mtu akikutumia hela inakatwa deni kwanza na makato juu. Mwili wangu ndo ulikua hivyo, nikiamka na nguvu kidogo nilikua nazitumia zote na za kukopa juu, kufua, kupika, kumaliza oda, kwasababu nani anajua kesho nitaamkaje. Zile siku nzuri ndo zilikua zinaniangusha.

Nikachukua daftari la vipimo vya wateja nikawa naandika nimefanya nini, na siku mbili mbele nimekuaje. Baada ya wiki mbili nikaona nikishona dakika 40 naanguka, basi nikawa nashona 25 naweka alamu ya simu, ikilia naacha hata kama nimebakiza kola, naenda kulala chini macho yamefungwa. Kulala na simu mkononi unaperuzi sio kupumzika, hili nalisema kwa msisitizo. Unapumzika kabla hujachoka, ukisubiri uchoke umechelewa.

La moyo kwenda mbio alinisaidia nesi wa zahanati. Alinilaza dakika kumi akahesabu mapigo, 76, akanisimamisha nisitembee, ikafika 118 na presha haijashuka. Kwa mtu mzima yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama muulize daktari kuhusu POTS, yaani hali ya moyo kwenda mbio kupita kiasi ukisimama, na ukijipima nyumbani awepo mtu wa kukudaka. Daktari akaniambia ninywe maji mengi, niongeze chumvi, nivae soksi za kubana, ila mwenye presha ya kupanda au figo asiguse hiyo chumvi bila kuambiwa. Sasa nakata kitambaa nimekaa na naoga nimekaa kwenye stuli ya plastiki.

Pua yangu ilikaa miezi saba bila kunusa, sikusikia gesi ikivuja jikoni, mtoto ndo alisikia, kwa hiyo kama hunusi usipike peke yako. Nilifanya zoezi la kunusa karafuu, limao, mkaratusi na waridi, kila kimoja sekunde kama 20, asubuhi na jioni, miezi mitatu na zaidi. Karafuu ndo ilirudi ya kwanza.

Sijapona asilimia mia. Nashona masaa manne kwa siku yaliyogawanywa, oda za harusi sichukui peke yangu, na nyumbani nilimwambia mume wangu wazi kwamba nikicheka na kuongea haimaanishi niko fiti, aniulize kabla ya kunipa kazi. Hapo mwanzo alinyamaza, baadae akaanza kuchota maji yeye.

Jumamosi iliyopita niliamka mwepesi kabisa, beseni la nguo za watoto limejaa na jua linawaka. Nikafua mashati mawili, alamu ikalia, nikaingia ndani kulala. Jumapili niliamka nikachemsha chai mwenyewe, mashati mengine bado yako kwenye beseni.