Kabla hujakariri nahau za Kiingereza, tazama besiboli

Kila nikiulizwa ni kamusi gani nzuri ya nahau za Kiingereza, jibu langu huwa lilelile: iache kwanza dukani, utafute mechi ya besiboli mtandaoni uitazame. Kazi yangu ni tafsiri, wateja wangu wengi ni Wamarekani, na maneno mengi yanayowatoa watu jasho kwenye vikao vyao yametoka kwenye mchezo huo.

Na sisi tunao mtindo huo. Ukiambiwa njoo kesho, ukienda njoo kesho tena, unasema wamekupiga danadana, na hakuna atakayeomba ufafanuzi. Sasa mfikirie mgeni ambaye hajawahi kuona mtu akidundadunda mpira mguuni bila kuudondosha. Ndivyo tulivyo sisi mbele ya besiboli.

Mchezo wenyewe hauna maajabu. Mrushaji anasimama kwenye tuta dogo, anamrushia mpira mpigaji mwenye gongo aliyesimama kando ya kibao cheupe kilichopachikwa chini. Kibao hicho ndicho "plate", na ukisikia mtu ame-"step up to the plate", jua amebeba jukumu badala ya kujificha nyuma ya wenzake. Mpigaji akiukosa mpira mara tatu anatolewa, ndiyo "strike out". Nje ya uwanja maana yake ni kuambulia patupu. Mrushaji mjanja anajua kurusha mpira unaopinda njiani, "curveball", kwa hiyo meneja akilalamika kwamba mfadhili kawarushia "curveball", mfadhili amekuja na jambo ambalo hamkulitegemea. Aliyefanikiwa kupiga hukimbia kuzunguka vituo vinne, na kila kituo lazima akiguse. Hapo ndipo penye "touch base", yaani kuwasiliana kidogo kujua mambo yamefikia wapi, na "cover all the bases", yaani kutoacha mwanya wowote. Uwanja wenyewe ni "ballpark", na "ballpark figure" ni makadirio ya harakaharaka, hivyo usihangaike kutafuta senti.

Ninayoipenda zaidi ni "rain check". Besiboli na mvua haviendi pamoja. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, viwanja vya Marekani vilikuwa na utaratibu kwamba mechi ikivunjwa na mvua, mtazamaji anabaki na kipande cha tiketi kinachomruhusu kuingia siku nyingine bila kulipa tena. Leo ukimwalika mtu chakula akasema "I'll take a rain check", amekataa kwa leo na ameacha mlango wazi kwa siku nyingine. Mwenzangu mmoja alipokea barua pepe yenye maneno hayo kuhusu kikao cha Alhamisi. Ilikuwa Januari, jua la Dar es Salaam linachoma utosi, naye yuko kwenye simu anapekua utabiri wa hali ya hewa wa Boston! Nyongeza yangu tu: aliyeomba "rain check" asiporudi mwenyewe na tarehe, mara nyingi amekataa kistaarabu. Usimsubiri.

Ukivuka kwenda Uingereza, besiboli haikusaidii sana, kwa sababu kule gongo ni la kriketi. Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu: Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na Uganda ilicheza Kombe la Dunia la T20, yaani kriketi ya mechi fupi, mwaka 2024. Angalia gongo, yaani "bat", linavyotenganisha watu. Mmarekani akisema "right off the bat" anamaanisha papo hapo, tangu mwanzo. Mwingereza akisema fulani kafanya jambo "off his own bat", anamaanisha kajituma mwenyewe bila kuagizwa. Kusoma moja ukadhani ni nyingine ni rahisi mno. Halafu kuna "a good innings", zamu ndefu ya mpigaji, ambayo Waingereza humsemea mzee aliyefariki baada ya kuishi miaka mingi. Ukiisikia msibani usidhani wanafanya mzaha.

Misimu ya vijana mimi siikimbilii. Mwaka 2023 wachapishaji wa kamusi za Oxford walichagua "rizz", yaani mvuto wa kumnasa mtu kimapenzi, kuwa neno la mwaka. Wewe ukishaizoea, vijana wenyewe wameshahamia kwingine. Ielewe tu, inatosha.

Kuelewa na kutumia ni mambo mawili tofauti. Ukiandikia kundi lenye Mmarekani, Mwingereza na Mjapani, andika Kiingereza cha kawaida, kila mtu atashukuru. Ukitafsiri, uwanja uuache kwao: "ballpark figure" iwe "makadirio", maana nimewahi kusahihisha ripoti iliyokuwa na "takwimu za uwanja wa mpira" katikati ya bajeti ya visima. Na nahau ikikukwama kikaoni, huna haja ya kuuliza maana yake mbele ya watu. Rudisha ulichoelewa kwa maneno mepesi, kwa mfano: "So we are moving it to next week, correct?" Kama sivyo, watakurekebisha palepale, na kikao kitaendelea.