Maswali yenu kuhusu Halabja, mji wa Wakurdi

Halabja ni mji mdogo wa Wakurdi kaskazini-mashariki mwa Iraki, kwenye tambarare ya Sharazur, chini ya milima ya Hawraman inayopakana na Iran. Haya ni baadhi ya maswali mliyotuletea.

Nimesikia Maulidi Barzanji yana asili ya Kikurdi. Ni kweli?

Ni kweli kwa upande wa ukoo. Sayyid Jaafar al-Barzanji, aliyeyatunga katika karne ya 18, alikuwa mufti wa Mashafii mjini Madina, lakini jina lake linatokana na Barzinja, kijiji cha Wakurdi katika eneo la Sulaymaniyah, hukohuko iliko Halabja. Wakurdi wengi ni Sunni wa madhehebu ya Shafii, kama watu wa pwani yetu, na Byara na Tawela, miji midogo ya milimani juu ya Halabja, inajulikana kwa twarika ya Naqshbandi. Wapo pia Wakakai, ambao wana dini yao wenyewe. Mkurdi si Mwarabu, na ukimwita hivyo utamuumiza. Lugha ya Halabja, Kikurdi cha Sorani, ni ndugu wa Kiajemi, ingawa huandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Nikifika, niwaiteje wenyeji?

Mwanamume mwite “kak”, kisha jina lake: Kak Ahmed. Ukisema “kaka” ataelewa vilevile, maana kwao pia ni ndugu wa kiume. Jihadhari na “mam”: si mama, ni ba mdogo au ba mkubwa, na mzee wa kiume huitwa hivyo kwa heshima. Mwalimu ni “mamosta”, na imamu wa msikiti pia. Ukimkuta mtu kazini, au amekupikia, mwambie “dast khosh”, ndiyo pole na kazi na ahsante kwa pamoja.

Kwa nini waliokufa mwaka 1988 walikuwa wengi hivyo?

Tarehe 16 Machi 1988, vita vya Iran na Iraki vikielekea ukingoni, ndege za serikali ya Saddam Hussein ziliushambulia mji kwa gesi ya haradali na gesi za kuua neva. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 5,000, wengi wao raia. Kabla ya gesi kulikuwa na mabomu ya kawaida, na watu walikuwa wamejificha kwenye vyumba vya chini ya nyumba, jambo sahihi kabisa dhidi ya mabomu hayo. Lakini gesi hizo ni nzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mashimoni na kutuama. Mahali pa kujificha pakawa mtego. Manusura wengi wanakumbuka harufu kama ya matufaha.

Gesi ya haradali huchoma macho na mapafu, kwa hiyo wapo ambao mpaka leo wanakohoa na kupumua kwa shida. Usimwulize mwenyeji wako alimpoteza nani. Akitaka kusema, atasema mwenyewe. Nenda kwenye mnara wa kumbukumbu, usome majina ya marehemu yaliyoandikwa ukutani, nawe utulie. Kila mwaka, siku nne baada ya kumbukumbu ya tarehe 16 Machi, usiku wa tarehe 20, huwashwa mioto ya Newroz, mwaka mpya wao. Mji huo unabeba msiba na sherehe katika wiki moja.

Makomamanga yao yanasifiwa. Rojo la komamanga linapikwaje?

Komamanga kwao ni “henar”, na huvunwa majira ya vuli. Kwa rojo, chagua yenye uchachu. Chukua kilo 10, kata katikati, gonga mgongo wa tunda kwa mwiko punje zidondoke, kisha ondoa kila kipande cha ngozi nyeupe, maana hiyo ndiyo huleta uchungu. Kamua punje kwa mkono ndani ya kitambaa. Usitumie blenda: husaga mbegu, na rojo huwa chungu na lenye vumbivumbi. Utapata lita 3 hadi 4 za maji ya tunda.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea: sufuria zetu nyingi ni za alumini. Uchachu huila alumini, na rojo linatoka na ladha ya chuma. Tafuta ya chuma cha pua, pana, uchemshe bila kifuniko kwa moto mdogo mpaka ibaki kama robo. Mwishoni usiondoke jikoni, koroga mfululizo. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi, ipua, hata kama bado linaonekana jepesi, kwa kuwa likipoa huwa zito. Ukingoja liwe zito motoni, litaungua na kuganda kama peremende. Kama makomamanga yako ni matamu, ongeza ndimu 2 au 3 kabla ya kuchemsha. Sukari haihitajiki.

Wakurdi hulitia kwenye “yaprakh”, majani ya mzabibu yaliyojazwa mchele mbichi na nyama. Usiyajaze sana: mchele hufura na jani hupasuka.

Naweza kupanda milima peke yangu?

Hapana. Mpakani bado kuna mabomu ya ardhini yaliyobaki tangu vita. Pembetatu nyekundu yenye fuvu maana yake usivuke. Mawe yaliyopakwa rangi mbili husomwa hivi: upande mwekundu una hatari, mweupe umesafishwa. Mvua husogeza mabomu kuteremka mteremkoni, kwa hiyo hata njia ya mwaka jana muulize mchungaji wa hapo kwanza.