Kabla hujanunua Forester ya tabo, WRX au Altezza ya zamani

Mkuu, umeuliza kati ya Subaru Impreza WRX, Subaru Forester XT na Toyota Altezza za mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchukue ipi, na kama uagize Japani au ununue gari lililokwishatembea hapa Dar. Mimi nina Forester XT ya 2004, bodi ya SG5, injini EJ205 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini). Ndilo gari langu la kazini na la kwenda Iringa kwa wazazi. Altezza nazijua kupitia ya kaka yangu, ambayo tumeifungua na kuifunga pamoja mara nyingi. Nitaandika kirefu kwa sababu magari haya nayapenda, na inaniuma kuona mengi yakiishia juu ya mawe uani kwa mtu.

Jibu langu ni kwamba uchague gari ambalo historia yake inasomeka, hata kama si lile uliloliota, na ukishalilipa ubaki na akiba isiyopungua theluthi ya bei yake kwa matengenezo ya mwanzo. Kama kununua kutamaliza hela yote, subiri kwanza. Gari la miaka ishirini lina mipira ya maji iliyokakamaa, bushi zilizopasuka na plastiki zinazokatika ukizigusa, hata kama lilitunzwa vizuri na mzee wa Kijapani.

Tuanze na kuagiza. TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) wanakokotoa kodi kwa thamani iliyo kwenye mfumo wao wa magari yaliyotumika, si lazima iwe ile uliyolipa wewe. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini (cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, kuzidi hapo ni 10), gari lililozidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30, halafu VAT asilimia 18 juu ya mkusanyiko huo. Ukipiga hesabu kwa injini ya cc 1,994 kama ya Forester na WRX hizi, kodi peke yake inakaribia kulingana na thamani ya gari pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Viwango huguswa kwenye bajeti ya Juni, kwa hiyo pitia kikokotoo cha TRA wakati unapotaka kuagiza, usitegemee hesabu ya mtu ya mwaka jana. Wenzetu wa Kenya hawana hata chaguo hilo, maana gari lililozidi miaka 8 haliingii, na wao wanauziana yale yaliyokwisha ingia.

Halafu kuna Wamarekani. Sheria yao inawaruhusu kuingiza gari lolote likishatimiza miaka 25 tangu litengenezwe, na hapo masharti yao ya usalama hayalibani tena. Nissan Skyline GT-R ya R34 ilianza kutengenezwa 1999, kwa hiyo kuanzia 2024 wanaichukua rasmi. WRX STI ya bodi ya GDB ilitoka 2000, na toleo lile la Japani nalo limefika zamu yake. Ndiyo maana bei za mnadani hazishuki kama za Noah au Premio. Forester XT haijaguswa sana na wimbi hilo, na kwangu hiyo ni sababu nzuri ya kuiangalia kwanza.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada, yaani ripoti ya wakaguzi wa mnada wa Japani kuhusu hali ya gari, na uidai kabla ya kulipa. Jifunze kuisoma mwenyewe. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 ni ya kawaida kwa umri huu, na R au RA maana yake limewahi kupata ajali likatengenezwa hadi kwenye mifupa ya bodi. Ndani wanatoa herufi kuanzia A. Kwenye mchoro wa gari utaona A ni mkwaruzo, U kibonyeo, W mahali paliponyooshwa, S kutu, XX kipande kilichobadilishwa, na tarakimu inayofuata ni ukubwa wa tatizo. Mimi A3 hainisumbui, fundi rangi yupo. S ndiyo inayonifanya niache gari. Hokkaido na maeneo mengine ya theluji wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na Subaru zilizoishi kule zinaliwa kwenye matao ya tairi za nyuma na pale shokapu za nyuma zinaposhikwa kwa juu. Kutu ya hapo haionekani kwenye picha za mtandaoni hata ziwe nyingi namna gani. Pia omba cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, kwa sababu kinabeba kilomita zilizorekodiwa kwenye ukaguzi wao wa lazima, ambao kwa magari binafsi hurudiwa kila miaka 2. Dashibodi ikisema chini ya kile kilichoandikwa kwenye cheti, achana nalo.

Ukinunua hapa hapa, nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha maji. Kwenye Forester na WRX za tabo, maji hujazwa kwenye tangi dogo lililo juu, karibu na injini, si kwenye rejeta peke yake. Ukikuta maji ya bomba yenye rangi ya kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini), uliza maswali mengi. Uliza pia kama themostati (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) ipo. Mafundi wengi wanaitoa "ili gari lisichemshe", matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama vile bado ni baridi, na oili inachafuka mapema.

Likiwaka, injini za EJ zikiwa baridi zina mgongano mdogo wa pistoni unaopotea zikipata moto. Huo hauui. Unaotakiwa kuukimbia ni mlio mzito wa chini unaopanda pamoja na mzunguko na hauondoki injini ikipata joto, maana hapo rodi (vyuma vinavyounga pistoni na kranki) zimeanza kunoki, yaani kugonga, na injini hiyo ni ya kufungua yote. Liache lisimame likiunguruma kwa muda, kisha kanyaga. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na mara nyingi tabo ndiyo imechoka. Angalia tangi la akiba la maji kama linatoa mapovu mfululizo, dalili ya gasketi ya hedi iliyoharibika. Mwisho, kata usukani hadi mwisho uwanjani na uende polepole. Likijikaza na kurukaruka kama linashikwa breki, mfumo wa kugawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma una tatizo. Mara nyingi chanzo ni tairi zisizolingana, kwa hiyo tazama zote nne. Subaru inataka tairi za saizi moja, aina moja, zilizolika sawasawa.

Likishakuwa lako, kazi ya kwanza ni mkanda wa taimingi (unaooanisha mwendo wa valvu na pistoni), labda uwe na risiti yenye tarehe na kilomita. Muda wake ni kilomita 100,000, na ukikatika valvu na pistoni zinagongana. Badili pamoja na rola zake zote, tensheni na pampu ya maji, kwa sababu rola ikikwama inaukata hata mkanda mpya. Bei ya vifaa hivyo vikiwa halisi itakushtua ukiulizia kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar. Pale pale utaonyeshwa kiboksi kinachofanana kwa robo ya bei. Usikichukue.

Oili ndiyo roho ya gari hili. Mimi nabadili kila kilomita 5,000 kwa oili ya sintetiki, na kijiti nakivuta kila ninapojaza mafuta. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ni ya presha, haikwambii kama kiwango kimepungua, kwa hiyo ikiwaka ukiwa barabarani madhara yameshaanza. Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui ni kwamba kwenye njia ya oili inayokwenda kwenye tabo kuna bolti yenye tundu, na ndani yake kuna kichujio kidogo cha wavu chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Oili chafu inakiziba, tabo inakosa oili, inakufa bila dalili ndefu. Kwenye langu nilipolinunua kilitoka kimejaa masizi meusi kama lami. Mwambie fundi akitoe, akikague na akisafishe au abadilishe, ndipo ulikabidhi gari lako safari ya mlima Kitonga, njia ya kwenda Iringa. Ule mlima ukiupanda nyuma ya malori mchana wa Desemba, feni, rejeta na kifuniko cha rejeta vyote vinapewa mtihani kwa pamoja.

Upande wa mafuta, injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo viwango vyao vinadai okteni (kipimo cha petroli kustahimili kulipuka mapema) 96 au zaidi na vituo vingi huuza karibu na 100. Hapa ulizia kituo kinachouza okteni ya juu zaidi unayoweza kupata, na kwenye joto usikanyage hadi mwisho ukiwa gia kubwa na mzunguko mdogo. Mlipuko wa mapema ndio unaovunja pistoni kwenye kingo zinazoshika ringi.

Kuongeza nguvu acha kabisa kwa mwaka wa kwanza. Ile valvu inayopuliza hewa nje "pshh" inaleta mchanganyiko mzito wa petroli kwenye kompyuta ya kiwandani, kwa sababu hewa iliyokwisha pimwa inatupwa nje. Springi za kushusha gari nazo na matuta yetu haviendani. Hela hiyo nunulia shokapu, bushi, breki na tairi nzuri. Utashangaa gari linavyobadilika.

Altezza kwa kifupi: hakikisha unajua unanunua ipi. Nyingi za mitaani ni AS200, chasesi GXE10, silinda sita za 1G-FE, nguvu farasi 160. Ni gari zuri na imara, lakini si RS200. RS200 ni SXE10, silinda nne za 3S-GE, farasi 210 kwa gia za mkono. Beji ya nyuma inabandikwa na yeyote, kwa hiyo soma kibao cha chasesi. Kama unataka kuendesha kwa tairi za nyuma na gia sita za mkono bila gharama za tabo, na ukapata SXE10 ambayo haijakatwakatwa nyaya, chukua bila wasiwasi.

WRX ina mambo yote niliyoyasema ya EJ205, ila zilizo sokoni nyingi zimepita mikononi mwa vijana wengi. Ndiyo maana kwa matumizi yako ya kwenda na kurudi Kibaha kila siku ningekushauri Forester XT yenye mmiliki mmoja au wawili hapa nchini. Ukipata unalolipenda, weka hapa picha ya kibao cha chasesi (ficha tarakimu za mwisho), karatasi ya mnada kama ipo, na video ya linavyowaka likiwa baridi. Nitaisikiliza.